Mama Kiberiti na Jumamosi Zisizo na Moshi

Baada ya miaka ishirini na tisa ya kufagia, kufuta vumbi na kufungua milango ya kanisa letu, mhudumu wetu wa usafi, tunayemwita Mama Kiberiti, anastaafu tarehe 30 Juni. Kamati imemkabidhi kazi ya kuandika wasifu huu katibu wa ofisi ya usharika, aliyefanya naye kazi jengo moja karibu miaka yote hiyo. Kamati haikujua kwamba katibu huyo anamwonea wivu. Sasa imejua.

Jina lake lilitokana na kazi. Kila Jumamosi alasiri alikusanya taka za wiki, vikombe vya plastiki, maua ya bandia ya harusi na ratiba za ibada zilizopita, akaziwasha shimoni nyuma ya kanisa ili Jumapili tuingie mahali pasafi. Moshi uliingia chumba cha kwaya, ambako mazoezi yalikuwa saa hiyohiyo. Mke wa katibu, mwenye pumu, aliimba sauti ya kwanza na leso puani.

Miaka tisa iliyopita Mama Kiberiti aligoma. Aliingia ofisini akasema hawezi kuisafisha nyumba ya Mungu kwa kuwachafulia watu mapafu. Katibu alimweleza kwa upole kwamba yeye mwenyewe alikuwa akiandaa Mwongozo wa Hewa Safi, kurasa kumi na saba, na kwamba mambo yana utaratibu. Mama akamwambia aendelee kuandika tu, yeye anakwenda kuchambua taka.

Katibu akamwandikia barua ya onyo kwa kukaidi utaratibu. Aliiita nidhamu. Ulikuwa wivu mtupu. Mama alitia sahihi, akauliza hali ya nyumbani, akarudi shimoni kwake.

Majani na maganda yakawa mbolea, plastiki ikaingia magunia ya kukusanywa. Siku ya harusi ya binti wa mzee wa kanisa Mama alisimama mlangoni hadi mpambe wa bwana harusi akaondoka na maua yote ya plastiki kifuani, akitoka jasho ndani ya suti. Tulicheka wiki nzima. Kina mama wakaacha kuchoma taka majumbani, mchungaji akahubiri kwamba pumzi ni zawadi isiyopaswa kutiwa masizi, na sharika tatu jirani zikatuma watu kujifunza.

Wageni hao walipita mlango wa ofisi wakimuulizia Mama. Katibu alijaribu kuwagawia mwongozo, lakini kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wakati wa kupiga picha aliombwa asogee kidogo, shimo lionekane. Akajifariji kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, akasubiri siku Mama atakapoharibu. Miaka tisa, wapi! Shimo halikuwahi kuwaka tena.

Sasa niache kujiita katibu, maana kinachoniuma hasa hakihusu wageni wala picha. Ofisi yangu imepakana na chumba cha kwaya. Kila Jumamosi nilimsikia mke wangu akikohoa nyuma ya ukuta, nikafunga dirisha langu moshi usiingie, nikaendelea kuandika kuhusu hewa safi. Wewe, mama, ulimsikia ukiwa nje na ufagio mkononi, ukaacha kuwasha. Jambo la kufanywa na mume, ulilifanya wewe. Wivu huo sijui nitaupeleka wapi.

Juzi nilipokuwa nikitafuta tarehe zako kwenye jalada, niliikuta ile barua ya onyo. Nikaenda nayo nyumbani, nikampa mke wangu aisome. Leo asubuhi ameniomba zawadi yako ya kustaafu aikabidhi yeye, si mimi.

Ataikabidhi yeye. Asante, mama, kwa kazi yako. Usharika mzima unakuombea pumziko jema na siku nyingi zenye afya, na anayeandika haya anakuomba msamaha.