Mama Milimita na Mvua ya Vitunguu

Tumekaa pamoja tena, wasikilizaji wapendwa, na leo kiti hiki ninakikalia kwa heshima ya mtu mmoja. Jina lake la nyumbani wengi hamkulijua. Mlimjua kama Mama Milimita. Mama Milimita hatunaye. Alifariki Jumatatu hospitalini, baada ya kuugua kwa muda mfupi, akiwa na miaka sitini na minane. Jana tumemzika.

Kazi yake ilikuwa kupima mvua. Kwa miaka thelathini na moja, kila siku saa tatu asubuhi, alitoka na daftari lake hadi kwenye kile kipimo cha bati kilichosimama uani kwake. Alimimina maji kwenye chupa yenye alama, akainama, akasoma, akaandika. Hata siku za jua kali alitoka, akaandika sifuri. Nilimtania siku moja, mama, sifuri nayo inahitaji kutoka nje? Akanijibu, "Sasa nitajuaje kama ni sifuri, mwanangu?"

Takwimu zake ndizo nilizokuwa nawasomea hapa redioni saa nne. Nanyi mlipanda kwa takwimu hizo.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hii ndiyo habari yenyewe. Ni miaka kumi na miwili iliyopita. Mvua zilikuwa zimetuacha misimu miwili mfululizo. Kila nyumba ilikuwa imebakiza mbegu za kupanda mara moja tu. Ukizipanda kwenye udongo mkavu, basi, umekwisha. Wiki hiyo Mama Milimita hakuwepo. Binti yake alikuwa amejifungua, naye alikuwa wodini akimuuguza. Kipimo alimwachia mumewe, fundi viatu mnayemjua, mzee mpole kabisa.

Asubuhi moja mzee akaniletea karatasi: milimita ishirini na saba. Jamani, ishirini na saba! Usiku kulikuwa na manyunyu kidogo, sikatai. Lakini kanuni yetu hapa redioni ilikuwa inajulikana. Kipimo kikizidi ishirini, uliza kwanza, ndipo utangaze. Mimi sikuuliza. Niliona vumbi nje ya dirisha langu na bado sikuuliza. Nilitamani iwe kweli, kama ninyi. Nikatangaza kwa furaha kwamba mvua za kupandia zimeanza.

Binti yake anakumbuka. "Redio ya muuguzi ilikuwa inaongea pale dirishani. Mama akasikia ishirini na saba. Akasema, kwa wingu gani? Akanikabidhi mtoto, akavaa kandambili, akaondoka. Nikamuuliza, mama, na mimi je? Akasema, wewe umeshajifungua salama, wenzako bado wana mbegu mikononi."

Alipanda gari la kwanza. Alipofika nyumbani hakuingia ndani. Alichimba udongo kwa kidole. Juu unyevu, chini vumbi. Akatazama vitunguu vya mumewe pembeni ya kipimo, vimelowa chapachapa. Akatazama kipimo, kimejaa madoa ya tope ubavuni. Akamuuliza taratibu, "Baba, jana ulipomwagilia vitunguu kwa mpira, ulisimama wapi?"

Mzee mwenyewe alinisimulia jana, pale msibani, na machozi yakimtoka huku anacheka. "Nilijua hapo hapo. Maji yangu ya vitunguu ndiyo niliyoyapima. Nikamwambia, mke wangu, tuseme kipimo kimeharibika. Akakataa. Akaniambia, tukisema kimeharibika, kesho nani atakiamini? Twende ukaseme ni wewe."

Basi wakaja. Mimi nasoma salamu, taa nyekundu inawaka, mlango ukafunguliwa. Ilikuwa saa nane mchana. Watu walikuwa wanangoja jua lipoe waingie shambani. Mama Milimita akasema, "Mwanangu, acha salamu. Watu wanakwenda kupanda." Na mzee, fundi viatu, mtu asiyependa hata kupigwa picha, akashika maikrofoni hii. Akasema, "Ndugu zangu, msipande. Ile haikuwa mvua. Nilikuwa namwagilia vitunguu." Kisha akaomba radhi.

Nilidhani mtatutukana. Mlicheka. Mlicheka wiki nzima, mkaiita mvua ya vitunguu, na mbegu mkazirudisha ndani. Siku kumi na tisa tulikaa tunatazama juu. Wengine walianza kununa, wakasema mama huyu atatukosesha msimu. Siku ya ishirini ikashuka mvua ya haja. Saa tatu asubuhi akapima mwenyewe: thelathini na nne. Safari hiyo niliuliza mara mbili. Kisha nikatangaza. Mwaka ule tulivuna, wasikilizaji wapendwa. Tulivuna vizuri.

Kwa mzee wetu, kwa binti na wajukuu, poleni sana. Mungu awape nguvu. Na sisi tunaobaki, hali ya hewa imebadilika, mvua haifuati tena kalenda. Tuulizane. Mwenye kukosea aseme amekosea mapema, wenzake wapate kujiokoa.

Kuna jambo moja sijawahi kulisema hapa. Mchana ule mama yangu mzazi alikuwa wa kwanza kuingia shambani, kwa sababu alimwamini mtangazaji. Alikuwa ameshafukia mistari minne wakati redio ya jirani ilipomfikia. Alipiga magoti akafukua mbegu moja moja, akazirudisha kwenye beseni. Nyumba yetu ilikula kwa mbegu hizo. Kosa la mzee lilitangazwa, langu lilinyamaziwa, na Mama Milimita, aliyeijua kanuni kuliko mimi, hakunitaja kwa mtu hata siku moja. Mimi ndiye ambaye sikuuliza. Asante, mama.