Kocha Pettway na Mama wa Chaguo la Nne

Kocha Rayford Pettway anastaafu tarehe 31 Januari, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kusajili na kufundisha wabeba mpira wa timu ya futiboli ya Kimarekani ya chuo chetu, wale wanaokabidhiwa mpira mkononi na kuambiwa wapenye katikati ya watu wenye uzito wa friji. Alianza kazi akiwa na kiuno chembamba. Kiuno hicho kilipotelea kwenye majiko ya akina mama wa Alabama, maana Rayford hajawahi kusajili kijana kabla ya kumaliza sahani ya mama yake.

Kocha Mkuu akisema wabeba mpira wanne wanatosha, yeye huleta sita. Wawili huwaficha kwenye orodha ya mabeki hadi mazoezi ya Agosti, na mwaka mmoja alimwapia mkubwa wake kwamba kijana mmoja mwembamba kama fimbo ni beki wa kutumainiwa. Hoja yake ni kwamba wabeba mpira huumia kila Jumamosi ya mechi, naye hataki kufika Novemba, mwisho wa msimu, akiwa hana wa kuingiza.

Kosa lake nalo tulitaje. Mwaka wake wa tatu, ndani ya wiki moja, aliwaahidi akina mama wawili kwamba mwana wa kila mmoja atakuwa chaguo la kwanza, yaani ndiye atakayeanza mechi. Hakujua kuwa wanaimba kwaya moja. Jumapili walifika pamoja ofisini, wakiwa bado na majoho ya kwaya, naye akajifungia katika chumba cha kufulia jezi kwa saa mbili. Tangu hapo kila mama huambiwa nafasi halisi ya mwanawe, hata iwe chungu vipi.

Deshun Goolsby alikuwa chaguo la nne. Wiki ya mechi ya mwisho ya msimu dhidi ya chuo cha majirani zetu, ambao hatukuwa tumewashinda kwa miaka tisa, alitangaza kuwa anafunga virago. Chuo kingine kilimwahidi nafasi ya kwanza. Kocha Mkuu alimtaka Rayford aahidi vivyo hivyo. Rayford akaendesha gari kwa muda wa saa mbili hadi kwa Bi Earnestine, mama wa Deshun, akala maharage na mkate wa mahindi, kisha akasema: “Bi Earnestine, bado ni wa nne. Ila wawili mbele yake wanachechemea, na Jumamosi namhitaji.”

“Angalau wewe hunipaki mafuta kwa mgongo wa chupa, Kocha,” mama akamjibu. “Atacheza.”

Kufikia robo ya tatu ya mchezo, wote watatu waliokuwa mbele yake walikuwa benchi na barafu miguuni. Deshun akabeba mpira mara thelathini na mbili, tukashinda. Sasa kila mtu alitaka abaki. Rayford akapiga simu chuo kile, akachunguza ahadi yao, kisha akampigia mama: “Hapa atakuwa wa pili, yule wa kwanza akishapona. Kule ni wa kwanza kweli. Mwache aende.” Kocha Mkuu hakumsemesha hadi Krismasi. Nami ninayeandika haya nilinuna.

Miaka miwili baadaye, vyuo vingine saba vilimgombea Tavaris, mdogo wake Deshun, vyote vikimwahidi nafasi ya kwanza. Bi Earnestine alimuuliza Rayford swali moja tu, akajibiwa kuwa kijana atakuwa wa tano. Tavaris alisaini kwetu siku hiyohiyo.

Kocha Pettway, asante kwa kila kijana uliyetuletea, na kwa wale uliowaficha. Tunakuombea afya na mapumziko marefu. Ukishikwa na hamu ya kumpigia simu mama wa mchezaji, mpigie mkeo.