Wodi ya Macho Katika Nyumba ya Uchawi

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, uliyetukatia utepe. Daktari Nasreen Qidwai. Ndugu zangu wa Loji ya Wafrimasoni ya Dhawalpur. Akina mama na akina baba wa huku na wa ng'ambo ya reli. Na wewe, Ndugu Terence Rozario, mlinzi wa mlango wetu tunayekuaga leo: nawasalimu wote, na naomba mnivumilie nikilitazama lango mara kwa mara. Kila nikisimama kwenye baraza hii mbele ya umati, naukumbuka umati mwingine.

Mimi, Hormuz Bilimoria, muuza dawa wenu, ndiye niliyekuwa mkuu wa loji mwaka ule wa kambi ya macho. Jengo hili mnaliitaje? Msione haya. Jadughar, Nyumba ya Uchawi. Mama zenu waliwatishia nalo mlipokataa kula: "Nyamaza, au nikupeleke kwa Wafrimasoni!" Na sisi, tuseme kweli, tulifurahi. Mzee asiyeweza hata kuchemsha chai, akiogopwa na mji mzima, hujiona simba. Nani kati yetu alijiuliza hofu ile ingetufikisha wapi?

Mnalikumbuka tamasha letu la kuchangia kambi ya macho. Ndugu Rozario, dereva mstaafu wa treni, alikaanga jalebi, vile vitamu vya sukari, zikatoka nyeusi kama makaa, nanyi mkazila kwa huruma. Bendi ya reli ikapiga, baiskeli ikashindaniwa, mkachanga mpaka tukaweza kumleta Daktari Qidwai kuwaondolea wazee mtoto wa jicho. Tukawapasulia katika ukumbi wa chakula. Mvua ikanyesha, paa likavuja, tukawahamishia wagonjwa chumba cha ndani, kile kisicho na madirisha, ambacho asiye mwanachama hajapata kukikanyaga.

Hapo ndipo balaa ilipoanza. Neno likapita sokoni: "Wamewafungia ndani. Wanawatoa macho."

Alasiri ile watu walijaa kuanzia lango hili mpaka kwenye kivuko cha reli. Tulipiga simu polisi. Gari lao lilikuwa ng'ambo ya reli, na treni ya makaa ilikuwa imesimama katikati ya kivuko. Mawe yakaanza kunyesha juu ya paa. Nikanusa mafuta ya taa. Mbele ya wote alisimama Bansi Kewat, mvuta riksho, maana mama yake, Bibi Phulmati, alikuwa amekuja kutibiwa kwa siri baada ya mwanawe kumkataza.

"Nitoleeni mama yangu!" alipiga kelele. "Nitoleeni, au mtaungua humo humo!"

Mabibi na mabwana, ndani mlikuwa na wazee kumi waliofungwa macho, wasioweza kukimbia. Walisikia kila kitu. Mmoja aliniuliza kwa sauti ndogo, "Mwanangu, moto uko upande gani?"

Mlinzi wa mlango wa loji huapa kuwazuia wageni kwa upanga mkononi. Ndugu Rozario aliniambia, "Mkuu, nafungua."

"Watatuua, Terence."

"Tukifunga, watakuwa wameshaamini. Wakishaamini, watatuua vilevile."

Akatoka. Walipouona upanga wakarudi nyuma, kisha wakasogea tena. Akasema, "Bansi, mama yako mzima. Ingia umwone. Wewe peke yako."

"Niingie nichinjwe? Unanionaje, mbuzi?"

Ndipo nikajua kwamba yule kijana naye alikuwa akiogopa kama sisi, pengine kutushinda. Terence akaugeuza upanga, akampa mpini. "Basi ushike wewe. Nitatangulia mimi. Ukiona ubaya, mgongo wangu huo."

Nani kati yenu angempa mtu mwenye hasira silaha yake, kisha akampa na mgongo? Walipita mbele yangu. Nilifumba macho.

Bibi Phulmati alisikia nyayo. "Nani huyo anahema kama nyati?"

"Mimi, Amma. Wamekufanya nini? Wamekutoa jicho?"

"Wamenitoa ukungu. Umekula?"

Lakini Bansi hakutulia. Upanga huku, mkono wa pili tayari kwenye bandeji. Daktari akasema, "Ukifungua leo, kwa vidole hivyo, jicho litaoza. Subiri kesho asubuhi."

"Kesho mtakuwa mmekimbia!"

Bibi akamshika kifundo cha mkono. "Bansi, ukilifungua likaharibika, usiwasingizie Wafrimasoni. Utakuwa umenitoa jicho wewe."

Akauondoa mkono kwenye bandeji. Kisha akaenda mlangoni akawaambia watu, "Mama yumo. Nalala naye. Kesho akikosa jicho, kiberiti nitawasha mimi."

Wakakaa. Hawakuondoka hata mmoja. Walituzunguka mpaka kukacha. Daktari alikuwa amenionya kwamba si kila jicho hupona, na neno hilo sikuthubutu kumwambia mtu.

Asubuhi tuliwatoa wagonjwa nje, hapa barazani, milango wazi, mji mzima ukitazama. Wa kwanza alikuwa Mzee Ramdhani, mfua nguo. Bandeji ikatoka. Akapepesa, akageuka huku, akageuka kule. "Giza," akasema.

Umati ukaguna. Nimekwisha kuusikia mto ukivunja kingo; mguno ule ulikuwa vile. Daktari Qidwai angeweza kusema uongo, lakini alisema kwa sauti ya kusikika, "Jicho hili nimelikosa. Nyuma yake kulikuwa na ugonjwa mwingine, na mimi sikuuona. Nisameheni." Bansi alikuwa ameshatoa kiberiti. Akasema, "Mfungueni mama."

Akafunguliwa. Bibi Phulmati alimtazama mwanawe, akamtazama tena. "We Bansi! Mbona umezeeka hivi, na hukuniambia?"

Bansi akapiga magoti akalia, watu wakaanza kucheka na kulia pamoja, na kiberiti kikaanguka kwenye tope.

Ndugu Rozario, unakwenda kuishi kwa binti yako, mjini Ranchi. Ulivunja kanuni ya loji, nasi tulikuandikia onyo rasmi. Leo, mbele ya waheshimiwa hawa, tunasimama wote kwa heshima yako. Tafadhalini, simameni.

Chumba kile sasa ni wodi. Milango imepanuliwa, kuta zimetobolewa madirisha. Hofu yangu je, imekwisha? Haijaisha. Miaka yote hii Mzee Ramdhani alikataa tumtibu jicho lake la pili, na sikumlaumu. Leo asubuhi amekuja mwenyewe, kwa riksho ya Bansi. Kesho atapasuliwa wa kwanza. Daktari amelipima mara tatu, na bado hajaniahidi kitu.

Keshokutwa bandeji itatolewa hapa hapa, milango wazi. Njooni mtushuhudie. Mkiweza, tuombeeni.

Nimemaliza. Nawashukuru kwa kunipa masikio yenu.