Daktari Vijaya na Tumbo la Maji la Dominika

Baada ya miaka ishirini na minne ya kuwatibu kina mama wa Moshi, Daktari Vijaya anastaafu tarehe 30 Juni 1985. Miaka yote hiyo sisi wauguzi wake hatujawahi kumwona akimaliza chai yake ingali moto.

Alianza kazi mwaka 1961. Ni binti wa Mzee Chandulal mwenye duka la vitambaa mjini, na Kichagga alijifunzia dukani, akiwapimia wateja kitenge. Petroli ilipoadimika, alipanda mlimani kwa miguu kwenda kliniki za vijijini, akituacha nyuma tukihema.

Mashine ya altrasaundi ilipotufikia mwaka 1982, kilichotusumbua ni adabu. Ovari huonekana vizuri kibofu kikiwa kimejaa, kwa hiyo mgonjwa huagizwa anywe maji mengi na asijisaidie. Lakini mwanamke wa huku aliyelelewa vizuri haingii kwa daktari kabla ya kupitia chooni. Walikunywa, wakachepuka kimyakimya, wakaingia na heshima zao na kibofu kitupu.

Ndivyo alivyofanya Dominika wa Kibosho. Alikuwa amekonda, tumbo na kifua vimejaa maji, na wodi nzima ilishasema ni saratani. Mumewe, Melkior, alikuwa amekodi pikapu ampeleke akafie kihambani kwao, kwenye shamba la ukoo. Picha ikaonyesha ukungu mtupu.

Daktari akakataa kumruhusu. Akamnywesha maji upya, akalinda mwenyewe mlango wa choo, akienda huku na huku, wakati Melkior akifoka kwamba mtu anayekufa hateswi hivyo. Tuliona aibu, na tuliogopa pia.

Mara hii ukaonekana uvimbe mmoja kwenye ovari, mgumu, wenye kingo safi na kivuli kizito nyuma yake. Hakudai kuwa na uhakika. Alisema upo uvimbe adimu, usio wa saratani, unaojaza watu maji namna hiyo, na kwamba yeye hamziki mtu kwa kukisia. Akampasua, akautoa. Maabara ikathibitisha, na maji hayakurudi tena.

Melkior alikuja na jani la isale, kama tunavyoombana radhi huku, ikabidi amkimbilie nalo barazani, kwa kuwa Daktari alikuwa ameshaitwa kwingine. Msimu huu Dominika amevuna kahawa yake mwenyewe.

Tunakushukuru, Mama Daktari. Wiki ijayo ataletwa mgonjwa mwingine tuliyekwisha kumkatia tamaa, nasi tunawaza nani atabisha. Nenda kwa amani, upate afya na wajukuu wasumbufu. Ila tafadhali, usihame Moshi.