Nishani Iliyozikwa

Ndani ya treni, fundi cherehani alijifanya amesinzia, lakini masikio aliyatega.

"Natoka makao makuu ya jeshi," mama wa kiti cha mbele alimwambia mzee aliyeketi naye. "Mume wangu ana nishani ya ushujaa, ila kwenye rekodi zake haimo. Nataka waiingize." Akaitoa kwenye leso.

Mzee akaigeuza, akasoma jina lililochongwa nyuma. "Shemeji, nilikuwa sajini wake. Kikosini kwetu, anayekufa kabla ya kuvishwa nishani huzikwa nayo. Hii nilimbandika kifuani mwenyewe, tukamfukia."

"Makubwa! Mlimfukia nani, na mimi tangu arudi vitani nimemzalia watoto watatu?"

"Na huu udongo kwenye utepe?"

"Nafua, unarudi. Hata mashuka yake yako hivyo hivyo."

Fundi alitaka kucheka, badala yake akafumbua macho.

"Shemeji, nakusihi, rekodi usiiguse. Wakifuatilia, watafukua kaburi."

"Nitarudi huko mpaka kieleweke!"

Treni ikasimama. "Yule pale, kaja kunipokea," mama akasema, akateremka kwa furaha.

Sajini akachungulia dirishani, akashusha pazia haraka. Kituo kile kilikuwa chake. Cha fundi pia. Hakuna aliyeinuka.