Matanga Yangu Yasiwe na Moto

Sogeeni, wanangu. Nestory, weka simu hiyo chini, hao wateja wako wa mageti kule Igoma watakusubiri, mimi sitasubiri. Modesta, niinue kidogo, mto huu unanibana shingo. Nimewasikia asubuhi nyuma ya jiko mkinong'ona mkidhani mzee kalala, na nimeisikia tupa ikipita kwenye shoka. Mnataka kuikata ngitili yangu, kichaka kile cha akiba, ili matanga yangu yapate kuni. Hilo ndilo nililowaitia, mengine yote ni madogo.

Hapa Nyakasenge, mnapoona leo kuta zisizo na bati na maduka mawili yanayouza chumvi na vocha, palikuwa mji. Mlima ule wa mashariki ulikuwa mweusi kwa miti, mininga na mitundu kuanzia kileleni mpaka kwenye mawe ya ziwani, na ng'ombe akipotelea humo ulimtafuta kwa kusikiliza kengele yake. Tuliuteremsha mlima ule gogo kwa gogo. Tulipanga magogo, tukayafukia kwa udongo, tukayatia moto, na moshi wa matanuri yetu ulionekana mpaka Kigongo. Boti zilijipanga hapa ghubani kuchukua magunia kwenda Mwanza. Palikuwa na gesti, palikuwa na baa zenye muziki mchana kutwa, na Mwanza nzima ilipika kwa mkaa wetu huku mama yenu Teodora akipikia mabua ya pamba, kwa sababu kila gogo lilikuwa la kuuza. Nami nilijivuna. Ungenikuta mimi Obedi na shoka begani ungedhani mlima ule nimeuumba mwenyewe.

Kisha mvua zikaukuta mlima uko uchi. Udongo ukaporomoka ukaijaza ghuba, boti zikawa zinakwama mbali, wachukuzi wakizama kwenye tope mpaka magotini na gunia kichwani, mwisho wenye boti wakahamia mialo mingine na watu wakawafuata. Waling'oa bati, wakang'oa na milango, wakaenda Igoma na Buhongwa, na huko ukiwauliza kwao ni wapi wanasema Kigongo. Hata ninyi mnasema Kigongo, nawasikia kwenye simu, na siwezi kuwalaumu. Siku hizi magari yanapita juu ya daraja jipya na hakuna anayegeuza shingo kutazama huku.

Lakini aibu iliyoniingia mifupani ni ya matanga ya mama yenu, mwaka jana. Desturi yetu mnaijua: mtu akifa moto unakokwa uani, wanaume wanauzunguka na kulala hapo hapo, kila nyumba inaleta kuni zake, na moto ule hauzimiki mpaka matanga yaanuliwe. Sisi siku ya pili, jua lingalipo, kuni ziliisha. Mji uliochoma mlima mzima ulikosa kuni za kumlilia mwanamke mmoja. Jirani yetu Hellen, mjane wa watu, aling'oa mlango wa nyumba yake akaja nao kichwani, umepakwa rangi ya bluu, ukatutoa machozi kwa moshi wake, kisha nao ukaisha. Wakwe zangu wa Busisi walikaa wakitazama majivu. Shemeji yangu Yeremia akainuka, akajikung'uta suruali, akaniuliza kwa upole, na upole ule ndio ulioniumiza: "Shemeji, kumbe hamkubakiza hata mti mmoja?"

Ningemjibu nini? Niliinama nikachokora majivu kama mtoto aliyevunja chungu. Tangu siku ile nikienda dukani natazama chini. Mama yenu hakuwahi kuniaibisha mbele ya watu, na mimi nikashindwa kumwashia moto.

Ngitili anaijua Yeremia? Haijui, iko nyuma ya mwamba, haionekani kutoka uani. Baba yangu aliizungushia miiba iwe malisho ya ndama wakati wa kiangazi, na shoka langu halikuigusa, si kwa wema wangu, ni kwa kumwogopa baba hata alipokwisha kufa. Siku ile ya mama yenu nilisimama pale na shoka mkononi, nikarudi mikono mitupu. Na ninyi sasa mnataka kunisitiri, mnaogopa Yeremia atakuja kuuliza tena. Mwacheni aulize. Aibu hii nimeizoea, iacheni niende nayo, msiikate miti ile mkaniachia aibu nyingine ya kwenda nayo kwa baba.

Kwa hiyo shikeni maneno haya. Kiwanja cha Igoma ni cha Nestory, nyumba hii ni ya Revocatus, mbuzi ni wa Modesta, na msigombane mbele ya wageni. Hellen atengenezewe mlango, Nestory, wa chuma, wewe ndiye fundi. Ngitili ni yenu wote, haiuzwi, haikatwi. Matanga yangu yasiwe na moto. Chai ipikwe kwa ule mtungi wa gesi wa Modesta, watu watacheka, wacheke. Na kila anayekuja kunizika asije na kuni, aje na ndoo ya maji ya ziwa, akaimwage kwenye miche inayochipua kule nyuma ya mwamba.

Maji kidogo... basi, yanatosha.

Revo, lilete lile shoka. Usiniangalie hivyo, lilete. Liweke hapa ubavuni. Umelinoa vizuri, baba, nilikufundisha mwenyewe... Nizikeni nalo. Lisibaki hapa juu.

Inameni niwashike vichwa. Mungu awape kivuli. Awape watoto watakaosema kwao ni Nyakasenge... waseme wakitazama watu usoni.

Na shemeji akiuliza... mpelekeni nyuma ya mwamba. Mwambieni Obedi alikosa kinywa siku ile... Mwambieni tumebakiza.