Vidonge Vyetu Katika Beseni Moja

Mgeni rasmi, ambaye ni Mkurugenzi wa Utafiti, daktari wetu, wauguzi, ndugu na jamaa:

KARIBU

Sisi wagonjwa arobaini wa kifafa, tulioshiriki jaribio la dawa mpya katika kliniki hii, tunakukaribisha kwa moyo mkunjufu. Tunajua umekuja kututangazia kwamba dawa inaachwa.

TULIKOTOKA

Mwaka jana tuligawanywa mafungu mawili. Ishirini walipewa dawa, ishirini vidonge vitupu visivyo na dawa ndani, vyote vyeupe, vyote vya duara. Nani kapata nini hakujua yeyote, hata daktari. Tulitia sahihi kwamba kila mtu atameza vyake.

MAFANIKIO

Hakuna aliyekosa kliniki hata mara moja. Muuguzi alipohesabu vidonge vilivyobaki, hesabu ilikuwa sawa kila mwezi, akatusifu mno. Mwenzetu mpishi, aliyekuwa akianguka kila wiki, sasa huanguka mara moja kwa mwezi. Mwalimu amerudi darasani. Mafungu yote mawili yamepata nafuu, tena nafuu ileile.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, hapo ndipo penye tatizo. Umeandika kwamba kwa kuwa mafungu yamelingana, dawa haina kazi. Inayo. Kosa ni letu. Kila tulipotoka dirisha la dawa tulipitia nyumba ya pili, kwa mwenzetu fundi cherehani, tukamimina chupa zote arobaini kwenye beseni, tukachanganya, kila mtu akajaziwa idadi yake. Fundi ndiye aliyeanza: "Jamani, mwenzangu aangukie jikoni na dawa ninayo mimi? Chakula kitanipita kweli?" Tukaona amesema la maana. Hatukujua kwamba tunaificha kazi ya dawa. Tuliposikia matokeo tulinyong'onyea.

MAOMBI

Usiiache dawa. Anza upya, na safari hii kila mtu atameza vyake, hata mwenzetu akianguka mbele ya macho yetu. Itatuuma, lakini tutavumilia. Ukiona hatufai tena, tafuta wengine arobaini, nasi tutawaeleza wenyewe ubaya wa beseni.

Daktari na wauguzi wasiguswe, hawakujua lolote. Wa kulaumiwa ni fundi cherehani, naye ndiye mimi ninayekusomea. Beseni nimelileta, hilo hapo mezani. Binti yangu mdogo alianza kuanguka mwezi uliopita. Yeye hayumo katika arobaini.

Mungu akujalie afya, na akupe subira nasi.

Ni sisi washiriki, namba moja hadi namba arobaini.